Ubani Katika Chumba cha Betri

Mwanangu Khamis,

Salamu zako nimezipokea tangu asubuhi, na dua nimekuombea mbele ya watu, basi karatasi hii haitokuuliza hali. Hali yangu mie unaijua. Nina wivu. Nimekaa hapa barazani, Alasiri nshaisali, mama yako yumo ndani anakunja nguo zako kwa mara ya nne, na mie nina wivu kama mke aliyeletewa mwenziwe. Kesho unapanda meli kwenda Dar es Salaam kufanya kazi kwa Ammi Sudi, na tangu barua yake ilipofika hulitaji jina langu mara moja ila ulitaje lake mara tano. Usikatae. Nimekuwa nikisikiliza.

Sitokwambia usali, wala ule vizuri, wala uchague marafiki. Hayo mama yako keshakwambia, na ataendelea kukwambia mpaka gatini. Mie nina jambo moja tu, nalo nilikuwa nimeazimia kufa nalo. Lakini leo mchana nilipita chumbani kwako nikaona juu ya sanduku lako chetezo kipya cha udongo, na pembeni yake kifuko cha ubani kimefungwa kwa kipande cha kanga.

"Hivi vya nini?" nikamuuliza mama yako.

"Vya karakana," akanambia. "Akifika tu aifukize kwanza, kabla hajagusa kitu. Si wewe ulikuwa ukiifukiza yetu kila Alhamisi?"

Na wewe ukaingia na taulo lako begani, ukacheka, ukasema, "Mwache mama afanye anavyopenda, baba. Ubani haujapata kumdhuru mtu."

Nilitoka nje, nawe ukadhani nimenuna kwa ajili ya safari. Nimenuna kweli, sikatai. Lakini ubani umepata kumdhuru mtu, Khamis, na mtu mwenyewe ndiye huyo unayemwendea.

Unalolijua wewe ni lile nililokwambia mie. Kwamba Ammi Sudi alichomoa waya kwenye betri hali mashine ya kuchaji ingali inafanya kazi, cheche ikaruka, betri ikapasuka, na jicho lake la kushoto likaenda. Ulikuwa na miaka kumi na tatu. Ulilia siku mbili na chakula ukakataa. Na mwezi uliopita, ulipokuwa ukiniomba ruhusa ya kwenda, ulinambia maneno ambayo mpaka leo nnayasikia nikilala: "Ntakuwa jicho lake, baba. Ntamwangalia asirudie kosa lake." Uliyasema kwa mapenzi. Mie nikatazama chini nikatafuta kiatu changu, na kiatu nilikuwa nimekivaa.

Kosa halikuwa lake.

Ngoja nianze mbali kidogo, maana nikilitaja hivi hivi utaliona ni ajali, na ajali haikuwa.

Karakana yetu unaijua, lakini hukuijua kabla ya Sudi. Ni chumba kile kile cha chini, kuta za mawe nene, mlango wa mbao nzito, na dirisha moja linalotazama kichochoro. Niliirithi kazi kwa fundi wangu, mzee mmoja aliyekuwa akiwasha kibiriti juu ya tundu la betri ili aone maji yamefika wapi. Alikufa kwa homa, kitandani mwake, na hilo likanifanya nidhani kibiriti si kitu. Mtu ukifanya upumbavu miaka ishirini usipate dhara, huanza kuuita ujuzi.

Nilimchukua Sudi mwenyewe, kwa hiari yangu. Alikuja kutoka Makunduchi na Kikae chake, lahaja ya kwao, ambacho nusu sikuwa nakielewa, akaniomba kazi ya kubeba. Baada ya mwezi nikaona habebi tu. Anazipanga betri kwa hali zake, mbovu huku, nzima huku, na kabla ya kufunga waya wowote huzima mashine, hata kama ni betri moja tu iliyobaki. Nikamuuliza nani kamfundisha. Akasema aliwahi kufanya kazi bara kwenye shamba la katani, akaona mtu kaungua uso. "Nilimuona, Makame," akasema. "Sitaki kumuona tena."

Halafu yakaja Mapinduzi, na mwaka wa pili wake betri mpya zikawa hazionekani madukani. Kila mwenye gari la shamba, wa Bububu, wa Kidichi, wa Makunduchi, akawa anatuletea betri yake kongwe tuifufue. Tukafungua lami ya juu, tukatoa vibati vilivyooza, tukabadilisha, tukaziba, tukachaji. Kazi ikawa nyingi mpaka nikamfanya Sudi mshirika wangu. Nakwambia haya ujue kwamba alipokuja kupendwa, nilikuwa nshamkabidhi mlango kwa mkono wangu.

Maana walimpenda. Loo, walimpenda! Dereva anaingia, mie nimesimama pale pale na spana mkononi, mwenye karakana, ananipita kama nguzo: "Fundi Sudi yupo?" Mara ya kwanza nikacheka. Mara ya kumi nikajibu, "Fundi ni mie." Dereva akasema, "Naam, fundi, nnajua. Lakini yeye yupo?" Akiletwa pweza, analetewa Sudi. Akipita Bi Mize, jirani yetu wa juu, atasimama dirishani: "Sudi, umeamkaje?" na mie nimeinama hapo hapo. Hata mama yako, akipakua pilau ya Ijumaa, sahani ya Sudi ilikuwa na nyama juu, yangu nyama nimeifukua chini. Labda nasingizia. Mwenye wivu anapima mpaka nyama.

Lakini hayo yote ningeyameza. Lililonishinda ni wewe.

Ukitoka chuo cha Kurani ulikuwa unapita mlangoni, unanambia "Shikamoo baba" huku macho yameshafika kwake. Siku moja nimeingia nikakukuta umepiga magoti, sikio lako karibu na betri, naye amepiga magoti upande wa pili. "Unasikia?" anakuuliza. Ukasema, "Inachemka." Akasema, "Haichemki. Inapumua. Ikiwa inachajiwa inapumua, na pumzi yake huioni wala huinusi, lakini inashika moto kuliko petroli. Ndiyo maana tunaifungulia dirisha." Ukamtazama vile ambavyo mie hujanitazama, mwanangu, hata siku niliyokununulia baiskeli. Nikakutuma dukani kununua kitu ambacho nilikuwa nacho.

Dirisha. Sasa nimefika.

Sudi lile dirisha hakulifunga hata mvua inyeshe. Na chini ya dirisha aliweka ndoo ya maji safi yenye kifuniko, ambayo hakuruhusu mtu kunawia miguu wala kutilia chai. Mie nikamcheka mbele ya madereva: "Mkae huyu kaja mjini na kisima chake." Wao walicheka, yeye akacheka, ndoo ikabaki pale pale. Na kila asubuhi aliibadilisha maji.

Mie nikaanza kulichukia lile dirisha. Kwa nini? Kwa sababu ndilo watu walilosimama kumwamkia. Nikajitungia sababu nzuri zaidi: nikasema watu wanachungulia, wanaona betri nyingi, wanatuonea choyo, ndiyo maana kila wiki moja inakufa mikononi mwetu. Zilikuwa zinakufa kwa uzee. Lakini hasidi hana sababu, na mie nilikuwa natafuta hasidi mji mzima, kichochoro kwa kichochoro, na nyumbani mwangu sijatazama. Nyani haoni kundule.

Basi ile Alhamisi, Sudi alipotoka kwenda msikitini kusali Alasiri, mie nilikuwa nshasali mapema nyumbani. Nikalifunga dirisha. Nikatia komeo. Mlango nikaurudisha. Ndani mlikuwa na betri sita zinachajiwa tangu asubuhi, na mashine inanguruma. Nikakaa kidogo nikifurahia ule ufaragha. Hakuna wa kuuliza Sudi yupo. Nilikaa nusu saa hivi, nikipanga spana zangu, na muda wote huo zile betri zinapumua na pumzi haina pa kutokea.

Halafu nikapanda juu kwa mama yako, nikachukua makaa mawili kwenye seredani, nikayatia kwenye chetezo, nikashuka.

Kufukiza tulikuwa tukifukiza kila Alhamisi, kweli. Mama yako hakusema uongo. Lakini Sudi alikuwa akinisihi nifukizie nje, mlangoni, moshi uingie wenyewe kama unataka kuingia, na mie kwa kumridhisha nilikuwa nikisimama kizingitini. Siku ile sikutaka kumridhisha. Siku ile nilikuwa namfukiza yeye. Nakwambia wazi, Khamis: nilikuwa nimekwishaamini kwamba Sudi amenifanyia kitu, amewavuta watu, amekuvuta wewe, na nikasema nitapitisha ubani juu ya kila betri aliyoigusa mpaka atoke. Mie niliyejaa husuda mpaka kooni, nimeshika chetezo nafukuza husuda.

Nikaanza na betri ya mlangoni. Nikasoma, nikazungusha mara tatu. Ya pili, mara tatu. Nilipofika ya nne, ile kubwa ya gari la Makunduchi, nikatia punje nyingine za ubani juu ya makaa. Unajua ubani mzuri ukikuta kaa kali hutoa ulimi kidogo wa moto kabla ya kutoa moshi.

Mlango ukafunguliwa. Sudi alikuwa ameinusa harufu tangu kichochoroni.

"Makame! Moto! Toa moto!"

Na mie, badala ya kutoka, nikamgeukia. Nikasema, "Na dini sasa utanifundisha wewe?"

Hakubishana. Alikuja mbio, akanyoosha mkono kukishika chetezo, akapita kati yangu na ile betri. Hapo hapo ikalipuka. Sijui niuelezeje ule mshindo. Haukuwa mkubwa kama wa bunduki, ulikuwa mfupi na mkavu, na baada yake sikusikia kitu ila mlio masikioni. Chetezo kilikuwa hakipo mkononi. Kifuniko cha betri kilikuwa kimenasa darini. Sudi alikuwa ameinama, viganja viwili usoni, na maji makali ya betri yanamtiririka katikati ya vidole.

Yaliyonipata mie ni matone kwenye mkono huu wa kulia, hapa chini ya kiwiko, pale unapoona ngozi nyeupe. Umeniuliza mara nyingi, nikakwambia mafuta ya moto. Yalianza kuwasha. Yakauma. Nikaiona ile ndoo chini ya dirisha. Nikaiendea, nikafunua kifuniko, nikatia mkono wangu.

Mkono wangu mie, Khamis. Yule yuko nyuma yangu anaungua macho, anapapasa ukuta akiitafuta ndoo aliyoiweka mwenyewe, anasema "Maji, maji, maji," na mie nimeinama juu ya ndoo hiyo najiosha kiwiko. Muda gani? Sijui. Labda kama mtu anavyosoma Alhamdu moja. Lakini nilikuwa nimesimama katikati ya mtu na maji yake. Aliyenitoa hapo ni Bi Mize. Alikuwa ameshuka mbio kwa ule mshindo, akanisukuma kwa bega, akamshika Sudi akamzamisha uso ndani ya ndoo. Akaita juu kwa kelele aletewe maji mengine. Mmoja akaja na maziwa ya ng'ombe ayatie machoni, na Sudi, na hali ile aliyokuwa nayo, akasema, "Maziwa sitaki, wala samli. Nimwagieni maji, na mkichoka mpokezane." Wanawake wale wakapokezana ndoo kutoka bombani mpaka wakamfikisha hospitali na kanga zimerowa. Daktari alisema yale maji ndiyo yaliyookoa jicho la kulia. La kushoto lilichelewa.

La kushoto lilichelewa. Nimeyabeba maneno hayo miaka sita.

Sasa usidhani hapo ndipo pabaya zaidi. Pabaya zaidi pako mbele. Kichochoro kilikuwa kimejaa watu, na madereva wameshafika, wale wale. Mmoja akaniuliza, "Fundi, kumetokea nini?" Nikafungua mdomo, na sikuwa nimepanga, wallahi sikuwa nimepanga, likatoka laini kama lilikuwa linangoja: "Sudi kachomoa waya, na mashine inafanya kazi."

Wakatazamana. Dereva wa Makunduchi, mwenye ile betri, akatikisa kichwa. "Kumbe na yeye hajui!" akasema.

Na mie nilifurahi. Lazima nikwambie hili kwa sababu ukiyasikia mengine yote ukalikosa hili, hutonijua babako. Mtu amelala hospitali uso umefungwa, na mie moyo wangu umepata baridi kwa sababu dereva mmoja kasema hajui. Nilirudi nyumbani nikala. Ukaniuliza, nikakwambia yale yale, na wewe nawe ukaamini, na nikakuona unapungukiwa na imani juu yake. Hilo ndilo nililolitaka tangu mwanzo. Nikalipata, kwa bei ya jicho la mwenzangu.

Nilimwendea hospitali siku ya tatu. Nilidhani atanipigia kelele mbele ya wauguzi. Alikuwa amekaa kitandani, bandeji mpaka puani, akanijua kwa hatua. "Makame," akasema, "mkono wako unaendeleaje?" Nikasema unaendelea vizuri. Kisha akasema, "Nimesikia nilichomoa waya." Akasema, "Haya. Lakini dirisha lifungue." Basi. Hakulisema tena neno hilo, si kwangu, si kwa mtu. Alipotoka aliondoka kwenda Dar es Salaam kwa ndugu yake, na wewe ulimsindikiza gatini, mie nikasema nina kazi.

Dirisha nililifungua. Kwenye chumba kile sikufukiza tena, nikawaambia moshi unanikohoza. Ndoo nikaiweka, na maji nikayabadilisha kila asubuhi. Na hapa ndipo nilipokuwa mwizi. Ulipokua ukaingia kazini pamoja nami, nilikufundisha kila kitu chake. Uvae miwani hata kama jasho linakuingia machoni. Utie maji makali ndani ya maji baridi, polepole, usitie maji baridi ndani ya makali kamwe, yatakurukia. Ufungue waya wa hasi mwanzo na uufunge mwisho, ili spana yako ikigusa bati la gari isitoe cheche. Usiweke spana juu ya betri hata kwa dakika moja. Betri iliyovimba au iliyopata ufa usiichaji, hata mwenyewe akikubembeleza. Maji makali yakimwagika, magadi kwa sakafu na nguo, machoni maji matupu. Ulikuwa unanisikiliza, Khamis, umenitazama vile nilivyokuwa natamani, na mie nnatoa maneno ya mtu mwengine nayaita yangu. Juzi nimekusikia unamwambia rafiki yako, "Haya yote kanifundisha baba." Niliinuka nikaenda chooni nikakaa huko.

Kimoja tu sikukufundisha, nacho ni kwamba moto wa ibada ni moto. Ulijua sigara, ulijua kibiriti, ulijua cheche. Ubani hukuujua, kwa sababu kuutaja ubani kungenitaja mie. Nimekufundisha milango yote ya khatari nikaacha mmoja wazi, kwa sababu mie ndiye niliyepita mlango huo. Na kesho ungekwenda na ubani huo, umefungwa kwa kanga ya mama yako, juu ya sanduku. Ungeshuka melini, ungeingia karakana ya mtu mwenye jicho moja, ungewasha makaa kwa nia njema kabisa, na labda yeye yuko nje kidogo, hajainusa harufu.

Uongo haukai ulipouweka, mwanangu. Wangu ulilala miaka sita, nikausahau mchana, na siku ulipoamka ulimwendea mtoto wangu. Nimemaliza nasaha. Sina nyingine.

Kuna kingine nacho nikiseme kwa kuwa nshaanza kujivua. Barua ya Ammi Sudi ya kukuita haikufika mwezi uliopita. Ilifika kabla ya Ramadhani. Niliiweka ndani ya boksi la vizibo vya betri, nikaifunika. Nilikuwa naisoma peke yangu, naikasirikia. Nakumbuka kila neno, hayakuwa mengi: "Karakana yangu ndogo lakini ina madirisha mawili. Jicho moja, mikono miwili, kazi nyingi. Nipe Khamis kama unaweza kumwachia, na kama huwezi nnafahamu." Kama huwezi nnafahamu! Unaona mtu anavyoweza kumuudhi mwenziwe kwa wema? Angalinitukana ningalimchukia nikapumzika. Mpaka leo, nakwambia ukweli, sehemu ya moyo wangu inasema: kachukua madereva, kachukua dirisha, na sasa kaja kumchukua na mwanangu, na hata haki ya kukasirika hakuniachia. Niliitoa barua ile siku niliyokuona unatengeneza taa ya gari huku unaimba, nikafahamu kwamba nikikuzuia nitakuwa nimemfungia dirisha mara ya pili. Ndipo nikakupa, nikasema imefika leo.

Chetezo nimekitoa. Mama yako nimemwambia sababu, sasa hivi, kabla ya kuandika ukurasa huu. Alikaa juu ya sanduku lako akanitazama, kisha akaniuliza, "Na ile nyama ya pilau? Ulikuwa unaipima kweli?" Nikasema nilikuwa naipima. Akasema, "Masikini wee," na sijui alikuwa anamwambia Sudi au mie. Baada ya hapo akatia mafuta ya nazi na mkate wa mofa pale palipokuwa na ubani. Ukitaka kuifukiza karakana ya Ammi Sudi, muulize yeye wapi na lini. Akikwambia nje, basi ni nje.

Labda utakasirika. Kasirika. Una haki, na ningependa ukasirike hapa Unguja mbele ya macho yangu kuliko huko, lakini sina ushujaa wa kukusomea, ndiyo maana mama yako atakupa barua hii gatini, uifungue meli ikishang'oa nanga. Huo nao ni woga, nnajua. Mtu haponi maradhi yote siku moja.

Ila ukishaisoma usiichane. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Madereva wale wa zamani, waliobaki, kesho baada ya kukusindikiza nitawafuata mmoja mmoja, nimwambie kila mmoja nani alifunga dirisha na nani alishika moto. Huku kwetu ni kazi yangu. Huko kwenu ni yako. Umpe Ammi Sudi karatasi hizi aisome kesi yake mwenyewe, tangu mwanzo mpaka mwisho, pamoja na ile ndoo, kwa sababu sijui kama aliwahi kujua kwa nini maji yalichelewa. Utajiuliza kwa nini nimeandika herufi kubwa hivi kama mtoto wa darasa la kwanza, karatasi zikafika tisa. Nimeandika kwa ajili ya jicho moja.

Na akimaliza kusoma, likitokea la kutokea, akikufukuza njoo nyumbani, mlango unaujua. Lakini hatokufukuza. Namjua yule, ndiyo maana namuonea wivu. Atakunja karatasi, kisha atakwita akuonyeshe kazi, na atakwita mwanangu, kama alivyokuwa akikwita kwenye chumba changu na mie nasaga meno.

Akikwita hivyo, mwitikie. Sema naam, kwa sauti, asikie vizuri.

Mie hapa ntaumia, na unyamaze uniache niumie.

Babako,
Makame